Nani Atausoma Msimbo?

Bunduki inapofyatuliwa, pini yake hugonga kitako cha ganda la risasi, na ganda husukumwa nyuma kwa nguvu likagonga chuma. Alama zinazobaki ndizo mtaalamu huzilinganisha kwa hadubini, kisha husimama mahakamani na kusema: maganda haya yametoka kwenye bunduki moja. Akiulizwa amejuaje, hutaja uzoefu wake wa miaka mingi. Je, ni haki mtu ahukumiwe kwa uzoefu asioweza kuuhoji?

Anthony Ray Hinton alihukumiwa kifo huko Alabama, Marekani. Hapo zililinganishwa risasi zenyewe, si maganda, lakini kwa jicho lile lile. Ilidaiwa zilitoka kwenye bastola ya mama yake. Aliachiwa mwaka 2015, baada ya karibu miaka 30, kwa kuwa wataalamu wengine hawakuweza kuzihusisha na bastola ile.

Siku hizi kuna programu huria za kulinganisha maganda. Mojawapo ni cmcR, iliyoandikwa kwa lugha ya R. Huigawa picha ya kitako cha ganda katika visanduku vidogo, hukitafutia kila kimoja mwenzake kwenye ganda la pili, kisha huhesabu vinavyokubaliana. Kila hatua inasomeka bila malipo. Kwangu mimi hiyo si hisani: anayetaka kumfunga mwenzake lazima amwoneshe hesabu zake.

Hata hivyo hesabu peke yake haihukumu. Mwanzoni ilipendekezwa kwamba visanduku 6 vinatosha kusema maganda yanalingana. Ukiishusha namba hiyo, utawanasa wasio na hatia. Ukiipandisha, wauaji watapenya. Kompyuta haiwezi kutuchagulia kosa la kuvumilia. Faida ya msimbo ulio wazi ni kwamba uchaguzi huo unaonekana, na unaweza kubishiwa.

Lakini abishe nani? Wakili wa Hinton aliamini hawezi kupata zaidi ya dola 1,000 za kumlipa mtaalamu. Aliyepatikana alikiri mahakamani kwamba anaona kwa jicho moja na kwamba hadubini ilimpa taabu. Mtu wa aina hiyo tungempa msimbo wote, angeufanyia nini? Serikali inayoleta namba mahakamani haijamaliza deni lake kwa kuifungua programu. Imlipie mshtakiwa na mtu wa kuisoma.