Mpanda Ngazi Hushuka

Barabara ya Stelvio, kaskazini mwa Italia, ina kona kali 48 kwa upande mmoja tu, ule unaopanda kutoka kijiji cha Prato. Kila kona ina kibao chenye namba. Ukiona 48 ndiyo kwanza unaanza, ukiona 1 umekikaribia kilele, mita 2,757 juu ya usawa wa bahari. Mhandisi Carlo Donegani aliijenga kati ya 1820 na 1825 kwa ajili ya Dola ya Austria, iliyotaka njia ya kufika Lombardia kwa kukatiza Milima ya Alpi. Leo inawavutia waendesha pikipiki wengi, na baadhi yao huja peke yao.

Msafiri nitakayemsimulia ni wa kubuni. Barabara, baridi na mlima ni vya kweli.

Alilala Glorenza, mji mdogo wenye watu wasiofika elfu moja, ambao bado umezungukwa na ukuta wake wote. Mwaka 1499, baada ya vita vya Calven, mji huo ulichomwa moto, na ukuta unaoonekana leo ulijengwa baada ya msiba huo. Jana yake alikuwa amepita ziwa la Resia na kuona mnara wa kanisa umechomoza katikati ya maji, masalia ya kijiji kilichozamishwa mwaka 1950 kwa ajili ya bwawa la umeme. Sehemu kama hizi zinamtaka mtu ashuke, avue helmeti, atembee kwa miguu. Yeye alipiga picha na kuondoka. Siku ile alitaka kupanda Stelvio, kushukia Bormio, kupanda tena njia ya Gavia na kulala Ponte di Legno. Milima miwili mikubwa kwa siku moja, na hakuna aliyekuwepo wa kumwuliza, “Mbona haraka hivyo?”

Asubuhi bondeni palikuwa na joto la kupendeza, jua limewaka juu ya mashamba ya matufaha. Glavu nzito na koti la mvua alikuwa amevisokomeza chini kabisa ya begi, na juu ya begi amefunga kamba. Hapo ndipo ajali ilipoanzia, kabla hata injini haijawaka. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kutoka Prato hadi kileleni ni zaidi ya mita 1,800. Nyuzi 22 za bondeni zinakuwa 10 kule juu, jua likiwapo. Ongeza upepo wa mwendo wa pikipiki, kisha ongeza wingu.

Kupanda alipanda vizuri, na sina budi kumsifu. Alikuwa akiangalia anakokwenda, si ukuta wa pembeni, kwa maana jicho likiganda ukutani pikipiki nayo hufuata. Msomaji aliyewahi kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto anaijua kazi hiyo, ila hapa kona zinapandana zenyewe kwa zenyewe na hewa inazidi kuwa nyembamba. Kileleni alikuta hoteli, maduka, vibanda vya soseji na watu wakipasha mikono kwa vikombe vya chai. Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa Bormio. Akaona kusimama ni kupoteza muda, bora alitangulie wingu chini. Begi halikufunguliwa.

Kuna mtu wa kweli aliyekwisha kutuonyesha nini hutokea baada ya uamuzi kama huo. Tarehe 5 Juni 1988, mashindano ya baiskeli ya Giro d’Italia yalipita njia ileile ya Gavia aliyoipania msafiri wetu, theluji ikianguka. Mholanzi Johan van der Velde alifika kileleni wa kwanza, akiwa amevaa jezi ya mikono mifupi. Kwenye kupanda aliwatangulia wote. Lakini kwenye mteremko mwili haufanyi kazi ya kuupa joto, upepo unazidi, nguo zimelowa. Alilazimika kusimama na kutafuta pa kujihifadhi, na alifika Bormio zaidi ya dakika 40 baada ya mshindi. Mmarekani Andrew Hampsten, ambaye timu yake ilikuwa imemtayarishia glavu nzito na nguo za baridi, alimaliza wa pili siku ile, akavaa jezi ya waridi ya kiongozi, na hatimaye akashinda mashindano yote. Kilichowatenganisha ni nguo, na mtu wa kuwakabidhi nguo hizo kwa wakati. Anayesafiri peke yake lazima awe mtu huyo yeye mwenyewe, tena mapema, akili ikiwa bado ina joto. Baridi ikishaingia mwilini uamuzi nao hudorora, na aliyeganda ndiye wa mwisho kujua kwamba ameganda. Mwenzake angemwona midomo ikibadilika rangi.

Upande wa Bormio una mahandaki membamba, yenye giza na sakafu inayolowa. Msafiri aliingia humo vidole vikiwa vimekufa ganzi, hausikii tena mkono wa breki. Akahamia breki ya mguu, akaikanyaga mfululizo, kona baada ya kona. Alichotakiwa kufanya ni kuweka gia namba mbili na kuiacha injini imshikilie mzigo, breki ikiguswa tu kabla ya kona. Breki ikikanyagwa bila kupumzishwa hupata moto, na mafuta yake, hasa yaliyokaa muda mrefu na kunyonya unyevu, huchemka. Mafuta hayabanwi, lakini mapovu ya mvuke yanabanwa. Kanyagio likazama bila kushika kitu. Akapitiliza kona, akagonga ukuta mfupi wa mawe, mguu ukavunjika chini ya pikipiki.

Wingu lilikuwa limeshafika. Simu ilikuwa ndani ya begi, chini ya kamba. Glorenza walijua ameondoka tu. Ponte di Legno hakuwa ameweka chumba. Alilala pale barabarani mpaka mwendesha baiskeli mmoja alipotokeza kwenye ukungu na kupiga simu.

Wewe unayeipanga safari hii kwa kiangazi kijacho, nakuomba uifanye, kwa kuwa milima ile inastahili kuonwa. Chagua njia moja ya mlimani kwa siku. Badilisha mafuta ya breki kabla ya kuondoka nyumbani. Weka glavu nzito juu ya mizigo yote na uzivae kileleni hata kama jua linawaka. Mwambie mwenye hoteli ya Glorenza saa unayotarajia kufika Bormio, na simu ikae mfukoni mwa koti ulilolivaa. Namba ya dharura kwa Italia, Austria na Uswisi ni 112.