Ujiji na Haki za Waliopita

Je, mtu anaweza kuwahesabu watumwa wake asubuhi, akasali adhuhuri, na sala ile ikawa sala? Swali hili limo katika vitabu vya dini zilizofika Afrika Mashariki, lakini kuna mji unaolitoa vitabuni na kulisimamisha njiani. Mji huo ni Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wakazi wa Kasulu na Kibondo huteremka Kigoma kila siku kwa soko, hospitali au treni, na wengi hurudi Buha, nchi yao ya milimani, bila kuukanyaga mji huo, ingawa daladala za Ujiji hazikosi.

Wageni wanaofika huishia kwenye makumbusho ya Livingstone, mahali ambapo mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkuta daktari na mmisionari huyo mwishoni mwa 1871. Kuna mnara wa mawe, sanamu za wazungu wawili wakisalimiana, na miembe inayosemwa kuwa kizazi cha mwembe uliowatia kivuli siku ile. Ni pazuri kupaona. Lakini anayetaka mji wenyewe hana budi kutoka nje ya uzio. Aifuate barabara ya miembe mikongwe ambayo wenyeji husema ndiyo iliyopitisha misafara. Atazame nyumba za Kiswahili zenye baraza mbele, awaamkie wazee shikamoo kabla ya kuuliza lolote, apite msikitini wakati usio wa sala na avue viatu akikaribishwa. Kisha ateremke mwaloni, mafundi wanakounda boti za mbao, na mchana ale ugali wa muhogo kwa mgebuka uliopikwa kwa mawese.

Atakuwa amekula vizuri na kuona mengi. Swali litakuwa bado linamfuata.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipoingia Ujiji Februari 1858, Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwishawatangulia. Njia ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia hapa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini. Ng'ambo ya ziwa ilianza nyingine, kuelekea Manyema, Kasongo na Nyangwe katika Kongo ya leo, na huko ndiko zilikotoka pembe za ndovu na watu. Mji ulikuwa na wakubwa wake: Mwinyi Kheri, kisha Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye wengi walimjua kwa jina la Rumaliza. Walisali, walifunga Ramadhani, walimpokea msafiri bila kumuuliza dini yake. Mwaka 1869 Livingstone aliletwa Ujiji akiwa mgonjwa mahututi, amebebwa na msafara wa mfanyabiashara Mohamad Bogharib aliyemuuguza njia nzima. Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone huyohuyo alikuwa Nyangwe watu wa wafanyabiashara walipofyatua risasi sokoni, na mamia ya watu, wengi wao wanawake, wakafa kwa risasi au kwa kuzama mtoni.

Ni rahisi kusema kwamba wema wa Bogharib ulikuwa wa uongo. Haukuwa. Alimwokoa mtu aliyekuwa akifa, na hakuna haja ya kumnyang'anya tendo hilo. Ugumu wa Ujiji uko hapo: wema wa kweli na dhuluma ya kweli vilikaa katika nyumba moja, wakati mwingine katika moyo mmoja, na hakuna kilichofuta kingine.

Je, dini yao iliwaruhusu? Wenyewe walijitetea kwamba mateka wao hawakuwa Waislamu na kwamba sheria inautambua utumwa. Ni kweli iliutambua, kama ulivyotambuliwa katika Agano la Kale na katika barua za Paulo. Lakini sheria hiyohiyo iliubana mlango wa kuingilia na kufungua mingi ya kutokea. Kurani, katika Sura ya Al-Balad, inataja kumwacha huru mtumwa kuwa ndiyo njia ngumu ya kupanda inayompasa muumini. Imetenga fungu la zaka kwa ajili ya hilo, na imelifanya kafara ya kuua bila kukusudia na ya kuvunja kiapo. Hadithi iliyopokewa na Bukhari inamweka anayemuuza mtu huru na kula thamani yake miongoni mwa watakaoshtakiwa na Mungu mwenyewe Siku ya Kiyama. Mwaka 1846, Ahmad Bey wa Tunis alipopiga marufuku utumwa, alisimamia hoja za kisheria kama hizo: uhalali wa kuwamiliki watumwa wa huko ulikuwa na shaka, na panapokuwa na shaka, uhuru hutangulia. Tunis ilikuwa nchi ya Kiislamu, na Nyangwe ilikuwa bado haijafikia kilele cha biashara yake. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba zama zilikuwa zile. Katika zama zilezile walikuwepo waliojua.

Wanavyuoni husema toba ina masharti: kuacha kosa, kujuta na kuazimia kutorudia. Kosa likimgusa binadamu mwenzako huongezeka la nne, ambalo ndilo zito kuliko yote, nalo ni kumrudishia haki yake au kupata radhi zake. Haki ya Mungu Mungu huisamehe. Haki ya mja husubiri mwenyewe. Injili nayo ina Zakayo mtoza ushuru, aliyeahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Zakayo aliwajua watu wake kwa majina. Waliopita Ujiji na nira shingoni hawakuandikwa majina, na waliowapitisha wamekufa. Basi nani amrudishie nani?

Hapo ndipo mgeni mwenye hasira hukosea. Akiutazama msikiti na kusema "huu ni wa Waarabu", anawasahau wanaosali humo. Waarabu wa Ujiji walikuwa wachache siku zote. Mji ulijazwa na Wajiji, Waswahili wa pwani, na zaidi Wamanyema: watumwa, waliokombolewa, wapagazi na wake zao, na watoto waliozaliwa hapa. Wao ndio walioifanya dini kuwa yao, wakaishika kwa maulidi na dhikri baada ya matajiri wa misafara kuondoka. Kuwatupia lawama ya biashara ile ni kuwashtaki watoto kwa kesi ambayo wazazi wao ndio waliodhulumiwa.

Kielelezo kikubwa ni Yahya bin Abdallah, anayekumbukwa kama Sheikh Ramiya. Alitekwa utotoni mashariki ya Kongo, akafikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa. Huko alisoma, akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya, akapata hata uliwali chini ya Waingereza, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa na murid hadi mbali na pwani. Wenye nasaba walikaa kitako kumsikiliza. Dini iliyomfikia kwa mkono wa mnunuzi haikubaki ya mnunuzi.

Wakristo hawana sababu ya kuliangalia jambo hili wakiwa kando. Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walifika Ujiji Januari 1879, na miaka iliyofuata walikomboa watoto kwa kulipa bei kwa wenye watumwa, tendo la huruma lililotia fedha katika soko lilelile. Miongoni mwa waliokombolewa na shirika hilo alikuwa Adrien Atiman, mzaliwa wa mbali huko Afrika Magharibi. Alisomeshwa udaktari Malta, akaja Karema, kusini zaidi kwenye ziwa hilihili, akatibu watu kwa zaidi ya miaka 60 hadi kifo chake mwaka 1956. Upande mwingine yuko Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyejitangaza adui wa utumwa, lakini mwaka 1887, kwa mkono wa Stanley, akamfanya Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, kuwa gavana wake wa Stanley Falls huko Kongo. Vita vya dola ya Leopold dhidi ya wafanyabiashara hao, 1892 hadi 1894, viliwaondoa wakuu wa misafara Kongo mashariki, na nafasi yao ikachukuliwa na utawala wa mpira uliokata watu mikono.

Na milimani je? Misafara ilipokatiza Buha ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita. Stanley mwenyewe alitozwa vitambaa vingi na mtemi mmoja baada ya mwingine, hata akaamua kusafiri usiku kwa kujificha. Watemi walikuwa wakitetea nchi yao, na kufanya hivyo ni haki. Hata hivyo kitambaa walichopokea kilitoka katika biashara ileile, kwa hiyo mtu wa Kasulu anapoteremka Ujiji hateremki akiwa mtazamaji tu. Isitoshe, kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, imepokea Wakongo wanaozungumza Kiswahili kilichopelekwa kwao na misafara hiyo. Mama wa Kikongo akielewana bei ya mboga na jirani yake wa Kiha, anatumia urithi ambao babu zake waliulipia ghali mno.

Mafakihi wengi wana hukumu juu ya mali ya dhuluma ambayo mwenyewe hajulikani tena: hutolewa sadaka kwa niaba yake, ili thawabu zimfikie yeye. Hukumu hii inafaa kuchukuliwa kwa uzito Ujiji, maana inampa kazi mtu wa leo bila kumbebesha hatia ya mfu. Kiingilio cha makumbusho kinaweza kusaidia kuandika simulizi za wazee wa Kimanyema kabla hawajaondoka nazo. Imamu anaweza kuwaombea dua waliopitishwa hapa, bila kuuliza walikuwa wa dini gani. Shule za Kasulu na Kibondo zinaweza kuleta wanafunzi wao, na mwongozaji akimaliza habari za Livingstone na Stanley, awaoneshe barabara ya miembe na kuwaeleza ni akina nani waliotembezwa hapo, walitoka wapi, na nani alinufaika, hata kama mnufaika huyo alikuwa mcha Mungu na mkarimu kwa wageni.