Mzigo wa Tahadhari

Twataka kupima pamoja nanyi neno moja: Mtu akijikinga na hatari, na kinga yake ikamwumiza jirani asiye na kosa, je, ametenda haki?

Tarehe 28 Novemba 2002 wauaji walilipua hoteli ya Waisraeli huko Kikambala, kaskazini ya Mombasa. Watu 13 walikufa, mbali na wauaji wenyewe. Kumi kati yao walikuwa Wakenya, wakiwamo wacheza ngoma waliokuja kuwalaki wageni. Asubuhi ile ile makombora mawili yalirushwa kuipiga ndege ya Waisraeli iliyokuwa ikiruka kutoka Mombasa, yakaikosa. Kisha tarehe 15 Mei 2003 Serikali ya Uingereza, kwa kuhofu shambulio jingine, ilizizuia ndege za abiria za nchi yake zisiende Kenya wala zisitoke huko. Zuio hilo lilidumu majuma sita hivi.

Serikali ya Kenya ilinung'unika, wala si bure. Huko pwani wako wengi wanaokula kwa kazi ya wageni: wapishi, madereva, wavuvi na wachonga vinyago. Mgeni asipofika, chungu hakipandi jikoni.

Hata hivyo hatuwezi kuwahukumu waliozuia. Abiria hajui yaliyofichwa vichakani karibu na kiwanja. Amemwamini mwenye habari. Huyu akinyamaza, na ndege ikaanguka, atajibu nini? Mali hupotea ikapatikana tena, bali uhai haurudi.

Lakini tuangalie sana jambo hili. Abiria aliyezuiliwa alibaki kwake salama. Mwenyeji hakuwa na safari ya kufutwa. Yeye aliishi pale pale penye hatari, na sasa ameongezewa njaa. Basi tahadhari imwondoayo mmoja na kumwacha mwenziwe katika shida mbili ni haki nusu. Yapasa mwenye kufunga njia aichunguze hofu yake kila siku, asifunge kupita kiasi cha hatari. Tena asaidie kulinda mahali alipopakimbia, hata pawe salama kwa wote.

Nasi tufungapo mnada kwa ajili ya maradhi ya ng'ombe twafanya vema. Ila tuulize pia: Ni nani leo atalala na njaa kwa ajili ya usalama wetu, na fungu letu katika mzigo wake ni lipi?