Redio Iliyoondoka Bila Kuaga

Hebu tuanze na swali rahisi kuuliza na gumu kujibu: mtu anaweza kukunyang'anya kitu ambacho hujawahi kukilipia?

Ijumaa ya tarehe 3 Juni 2005, saa kumi na moja jioni, watu wa New York waliokuwa wamefungulia 101.1 FM walijipata katikati ya swali hilo. Stesheni ilikuwa WCBS-FM. Tangu 1972 ilikuwa inacheza zilizopendwa za Wamarekani: rock 'n' roll ya miaka ya 50, Motown, na zile nyimbo za vikundi vya vijana waliokuwa wakiimba kwenye kona za mitaa bila hata gitaa. Saa kumi na moja ikafika, yote yakaisha. Mahali pake ukaingia mtindo unaoitwa Jack FM, mchanganyiko wa rock na pop za miaka ya karibu zaidi. Watangazaji hakuna. Kati ya nyimbo ni sauti ya jamaa iliyorekodiwa, ikijigamba kwamba hapa tunacheza tunachotaka sisi. Siku hiyo hiyo stesheni nyingine ya kampuni hiyo, WJMK ya Chicago, ikafanyiwa vivyo hivyo.

Wasikilizaji walikasirika, na sio kidogo. Hata meya wa jiji wakati huo, Michael Bloomberg, alitoa hasira zake. Watu wazima, wenye kazi na watoto wakubwa, waliongea kama watu waliofiwa.

Ukiwa kijana mwenye simu na bando, ni rahisi kucheka. Kwani nyimbo zimeenda wapi? Si ziko tu? Na kusema kweli zilikuwepo. Kampuni yenyewe ilizihamishia kwenye intaneti, mtu aliyetaka angezipata huko. Anayependa santuri alikuwa na santuri zake nyumbani. Hakuna wimbo hata mmoja uliopotea duniani jioni ile. Lakini kilio hakikuisha. Mimi naona hapo ndipo mambo yanaanza kuwa ya maana, kwa sababu inamaanisha watu hawakuwa wanalilia nyimbo.

Walikuwa wanalilia nini basi?

Kabla ya hapo, tumpe mwenye stesheni nafasi ajitetee, maana ana hoja. Redio ya biashara haiuzi muziki. Inauza masikio. Mwenye tangazo la gari au la benki anauliza: ni akina nani wanaokusikiliza, na wana miaka mingapi? Kule Marekani, rika linalotafutwa sana na wauzaji ni la miaka 25 hadi 54. Ukishavuka hapo, hata kama una pesa, hata kama unasikiliza kuanzia asubuhi mpaka usiku, sikio lako bei yake inashuka. WCBS-FM bado ilikuwa na wasikilizaji wengi. Shida ni kwamba walikuwa wanazeeka pamoja na nyimbo zao. Tunasema ya kale ni dhahabu, sawa, lakini bei ya hiyo dhahabu inapangwa na mtu wa matangazo.

Mwenye stesheni ataendelea: wewe msikilizaji hujawahi kunilipa hata senti. Umeme nalipa mimi, leseni nalipa mimi, mishahara nalipa mimi. Sasa deni limetoka wapi?

Hoja hii iliwahi kufika mahakamani. Mwaka 1974, hapo hapo New York, stesheni ya muziki wa klasiki iliyoitwa WNCN iligeuzwa kuwa ya rock. Wasikilizaji wakajikusanya, wakaunda chama, wakapigana hadi mwaka uliofuata klasiki ikarudi. Lakini swali kubwa likabaki: je, serikali inayotoa leseni inapaswa kuangalia wasikilizaji wanapoteza nini stesheni inapobadilisha muziki? Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji 7 kwa 2, kwamba tume ya mawasiliano haina lazima hiyo. Soko linaweza kuachiwa liamue. Mwaka 1993 WNCN ikageuzwa tena kuwa ya rock, na safari hii haikurudi.

Kisheria, basi, msikilizaji hana lake. Na mimi, ingawa niliacha chuo kabla ya kumaliza na sijui sheria kuliko mahakama, naweza kukubali hilo. Lakini sheria na uungwana ni vitu viwili. Wakenya tulifundishwa tofauti hiyo na redio yenyewe. Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025, alianza kipindi chake mwaka 1966 na kwa miongo mingi akawa anauliza swali moja tu: je, huu ni ungwana? Hakuwa anauliza kama polisi watakukamata. Alikuwa anauliza unavyomtendea mwenzako mahali ambapo hakuna polisi.

Basi tuulize hivyo. Kubadilisha stesheni ni ungwana?

Kwanza, si kweli kwamba msikilizaji hajalipa. Hapa kwetu, enzi za Sauti ya Kenya na baadaye KBC, watu walikuwa wananunua kadi za salamu. Unaandika majina ya ndugu, jirani, rafiki uliyesoma naye, unatuma, halafu unangoja siku ambayo mtangazaji atayasoma hewani. Ukiangalia vizuri, nani alikuwa anatengeneza kipindi hicho? Toa majina ya wasikilizaji uone kinachobaki. Na pale ambapo hakuna kadi, mtu bado analipa kwa mazoea. Saa yake ya kuamka inafuata redio. Anajua habari zikianza ni wakati wa kutoka nyumbani, na wimbo fulani ukipigwa duka linafungwa. Hayo mazoea ndiyo mwenye stesheni anamwonyesha mtu wa matangazo anaposema, "Hawa watu wangu hawaendi popote." Anauza uaminifu wao. Huwezi kuuza uaminifu wa mtu kwa miaka 30 kisha useme hakuwahi kukupa kitu.

Pili, kuna suala la upweke. Orodha ya nyimbo kwenye simu haijui kama wewe uko. Redio ya zamani nayo haikujui kwa jina, lakini unapoisikia unajua kuna wengine wanasikia kitu hicho hicho dakika hiyo hiyo: askari wa usiku getini, mama wa chakula akiwasha jiko, dereva wa lori kwenye barabara ya Mombasa. Mtu mmoja mahali fulani amechagua wimbo huu uje baada ya ule. Ndiyo maana wale watu wa New York hawakutulizwa na intaneti. Walikuwa na nyimbo tayari. Walichokosa ni wenzao.

Karibu na ninapoishi kuna mzee fundi wa viatu. Redio yake ndogo, antena imefungwa kwa waya, ilikuwa haitoki kwenye stesheni moja ambayo mchana ilikuwa inapiga zilizopendwa: Fadhili William, Les Wanyika, Super Mazembe. Jumatatu moja kipindi kikawa hakipo. Mahali pake kulikuwa na vijana watatu wanacheka, wakipumzika ni tangazo la kubeti. Mzee aliacha hivyo wiki nzima, akidhani ni hitilafu. Nilipopeleka kiatu nikamuuliza, "Mzee, mbona hubadilishi stesheni?"

Akaniambia, "Kijana, naweza kubadilisha. Lakini hawa watu hata hawakuaga."

Nimelifikiria hilo neno sana. Hakusema walikosea kubadilisha. Hakudai muziki wake urudishwe. Alilalamikia jambo dogo kuliko hilo, na kwa maoni yangu, zito zaidi.

Kwa sababu hoja kwamba stesheni isibadilike kamwe haisimami. Hiyo WCBS-FM yenyewe, kabla ya 1972, ilikuwa inapiga rock ya vijana wa wakati huo. Zilizopendwa zilipoingia, kuna watu walifukuzwa, nao walikuwa na mazoea yao. Hapa Nairobi, Capital FM ilipoingia hewani 1996 na nyingine zikafuata, vijana walihama KBC na hakuna aliyewaomba radhi wazee. Na mambo yangebaki vile, wewe na mimi tungekulia kwenye muziki wa babu zetu peke yake. Kila stesheni imekaa mahali palipokuwa pa mtu mwingine. Mzee anayetaka masafa yabaki yake milele anamnyima kijana nafasi ile ile aliyopewa yeye. Hiyo nayo si ungwana.

Kwa hivyo sidhani redio ina deni la kubaki vile vile. Nadhani ina deni la kuaga.

Kuaga ni nini? Kwetu, mgeni hatoki nyumbani kwa mtu kimyakimya. Anasimama, anasema haya basi mimi nimeenda, mwenyeji anamsindikiza mpaka barabarani. Hakuna anayemzuia asiende. Kuaga hakubadilishi uamuzi wa kuondoka. Kunasema tu: nilikuwa hapa, wewe ulikuwa hapa, na tulichokuwa nacho kilikuwa kitu. Ukitoka bila kuaga umesema kinyume chake. Umesema mwenyeji alikuwa kiti.

Wenye stesheni wana sababu zao za kutoaga. Wanaogopa mtangazaji akipewa maikrofoni siku ya mwisho atasema makubwa. Wanaogopa wasikilizaji wakijua mapema watahama mapema, na matangazo yahame nao. Wanataka kishindo siku ya kwanza. Yote hayo ni kweli, ni biashara. Lakini angalia sababu hizo zote zinakubali nini: kwamba msikilizaji ni mtu, anaweza kuumia, anaweza kuamua. Wanajua hayo ndiyo maana wanamficha. Huwezi kumwogopa mtu hivyo kisha useme humdai wala hakudai.

Wiki moja tu ingetosha. Watangazaji waage kwa majina yao. Wasikilizaji wapige simu, watume salamu za mwisho. Mseme wazi kwamba hesabu hazibebi, tunabadilisha, asanteni. Mzee wangu bado angekosa muziki wake. Ila asingekaa wiki nzima akingoja hitilafu irekebishwe.

Sasa, ile hadithi ya New York ina mwisho ambao watu hupenda kuusimulia kama ushindi. Jack FM haikushika, wasikilizaji walipungua, na tarehe 12 Julai 2007, miaka miwili na kidogo baadaye, WCBS-FM ikarudisha zilizopendwa pamoja na watangazaji. Watu wakashangilia.

Lakini ukichunguza kilichorudi, si kile kilichoondoka. Nyimbo za miaka ya 50 zilikuwa karibu zimeachwa nje. Uzito ulikuwa kwenye miaka ya 60, 70 na 80, na kadiri miaka ilivyoenda dirisha likazidi kusogea mbele. Waliolia zaidi mwaka 2005 ni wakongwe, ila waliorudishiwa redio ni wadogo wao. Jina lilibaki lile lile, na kwa wakongwe mlango ulifungwa taratibu, mara ya pili, tena bila tangazo.

Hapo ndipo hili jambo linanigusa mimi mwenye miaka yangu hii, na wewe unayesoma. Zilizopendwa si muziki wa aina fulani. Ni dirisha linalosogea, na sote tuko kwenye foleni. E-Sir alifariki 2003. Ngoma zake na za Nonini na Jua Cali, ambazo wakubwa wetu waliziita kelele, leo zikipigwa kwenye matatu utaona mtu wa miaka 40 anafunga macho. Hizo ni zilizopendwa tayari. Hata zile zinazovuma wiki hii zinaenda huko huko. Siku itafika mtu kwenye ofisi yenye AC atafungua kompyuta, aangalie umri wako, aone sikio lako halina bei tena. Hatakuwa mtu mbaya. Huenda akawa na miaka 26, amebanwa na bosi, anataka tu hesabu zikae sawa.

Huenda hata akawa mmoja wetu. Wengi tunaosoma na kuandika hapa ndio tunaoingia kwenye hizo kazi za maudhui, za mitandao, za redio. Tutaondoa vitu. Tutafunga kurasa, tutaua vipindi, tutabadilisha programu ambayo mama wa mtu alikuwa amezoea kubonyeza hapa na hapa. Hakuna anayetuambia tusifanye. Ila kabla ya kuzima, tusimame kidogo mlangoni tuseme tumeenda. Kuna mtu ndani.