Baba Yangu Ni Mwalimu

Uongo wangu wa kwanza kwa Kihispania niliusema siku ya tatu darasani, na mwalimu akanisifu.

Ilikuwa Salamanca, mji wa Hispania wenye chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1218, ambako watu wa kila taifa huenda kujifunza lugha. Nilikuwa nimechukua likizo ya wiki sita bila malipo kutoka chumba cha habari, Dar es Salaam, nikala akiba ya miaka miwili. Sababu nilikuwa nayo. Guinea ya Ikweta ni nchi ya Kiafrika ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi, na nilikuwa nimechoka kusoma habari zake kwa Kiingereza, zimeandikwa na watu wa mbali. Nilitaka siku moja niende Malabo nikaulize maswali mwenyewe.

Wiki ya kwanza tulifundishwa wakati uliopo tu. Mimi ni, wewe ni, yeye ni. Mwalimu akazunguka meza akimuuliza kila mmoja: baba yako anafanya kazi gani? Mjerumani akasema baba yake ni daktari. Mkorea akasema wake ni mfanyabiashara. Zamu yangu ikafika. "Mi padre es maestro," nikajibu. Baba yangu ni mwalimu. "¡Muy bien!" akasema mwalimu, akahamia kwa mwingine.

Baba alikuwa mwalimu kweli. Alifundisha hesabu shule za msingi, Korogwe, kwa miaka thelathini na moja. Tulimzika miezi kumi na minne kabla ya siku ile.

Ungeniuliza jioni hiyo, ningekwambia sikudanganya, nilikosa kitenzi tu. Maneno ya kusema "sina baba" nilikuwa nayo, lakini jamani, kwetu mtu hasemi hivyo. Anayesema "sina baba" ama amemkana baba yake au amekanwa naye. Marehemu bado ni baba. Kwa hiyo nilichagua sentensi iliyokuwa karibu na ukweli, nikajiambia nitairekebisha nikishajua wakati uliopita.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, umri zaidi ya miaka sabini, katika ghorofa lililo karibu na mto Tormes. Alitaka nimwite kwa jina lake na kumwambia *tú*, yaani ile "wewe" ya marafiki. Mimi niliyelelewa kwa shikamoo, ulimi uligoma. Tukakubaliana nimwite Señora. Saa tatu usiku aliweka dengu mezani, na kama mama yeyote akaanza kuniuliza habari za nyumbani. Sentensi ya baba ilinitoka yenyewe, kwani nilishaifanyia mazoezi darasani. Ana afya? *Sí*. Anakukumbuka sana, bila shaka? *Sí*.

Jumapili iliyofuata alirudi kutoka misani akaniambia amemwombea baba yangu maisha marefu. Akauliza kama nimempigia simu. *Sí*, nikasema.

Augustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika Algeria ya leo, aliandika vitabu viwili kuhusu uongo pekee. Yeye mwenyewe anakiri kwamba utotoni alichukia masomo ya Kigiriki, kwa hiyo nadhani angenielewa. Kwake uongo haupimwi kwa neno kuwa sahihi au si sahihi. Mtu anaweza kusema jambo lisilo kweli akiliamini, na huyo amekosea tu. Mwongo ni yule mwenye jambo moja moyoni na jingine mdomoni, na nia yake ni kudanganya. Kwa kipimo hicho, siku ya tatu darasani ningeweza kujitetea. Sikuwa na nia ya kumdanganya mtu. Hata mwalimu hakutaka kujua habari za baba yangu. Alitaka kujua kama najua *es*.

Ila utetezi wangu ulikuwa na mwisho wake, na ulifika wiki ya tatu.

Siku hiyo tulijifunza kwamba Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa". *Ser* ni cha jinsi kitu kilivyo, *estar* ni cha hali kilichomo. Wenzangu wanaozungumza Kiingereza walishangaa kusikia kwamba aliyekufa husemwa *está muerto*, kwa kitenzi cha hali, kilekile cha aliyechoka na aliyeketi. Kifo si hali ya kupita, wakalalamika. Mimi sikuona ajabu. Amechoka, ameketi, amekufa: -me- yetu inafanya kazi ileile. Katika darasa zima mimi ndiye niliyeielewa sentensi hiyo haraka kuliko wote. Siku mbili baadaye tukafundishwa *era*, "alikuwa".

Kwa hiyo maneno nikawa nayo. Usiku ule Señora akaweka sahani, akauliza, "Baba hajambo?" Nikasema *sí*.

Hapa ndipo ninapotaka kusema kweli, kwa sababu insha isiyosema hili haina maana. Sikunyamaza kwa aibu peke yake. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda. Katika nyumba ile moja, duniani kote, baba yangu alikuwa hai. Kuna mtu aliyemwombea afya. Kuna mtu aliyenigombeza kwamba simpigii simu mara za kutosha. Kwa Kiswahili nilishaitwa yatima kwenye kila salamu ya rambirambi. Kwa Kihispania nilikuwa na mzee Korogwe anayesahihisha madaftari ya watoto.

Jumamosi moja nilikwenda kuuona ukumbi wa zamani wa chuo kikuu alimofundisha Fray Luis de León, mtawa wa shirika la Waaugustino. Madawati yake ya mbao ghafi bado yapo. Alikamatwa mwaka 1572, akakaa kizuizini karibu miaka mitano akikabiliwa na mashtaka ya Baraza la Uchunguzi la Kanisa. Inasimuliwa kwamba aliporudi kufundisha, alianza somo kwa kusema: kama tulivyokuwa tukisema jana. Watalii wakatabasamu. Mimi nikajiona nimeguswa, maana nami nilikuwa nikiruka shimo kubwa kana kwamba halipo. Baadaye, njiani kurudi, nikaiona tofauti. Kama kisa kile ni cha kweli, kila mwanafunzi mle ndani alijua mwalimu wao alikuwa wapi. Hakuficha chochote, alikataa tu kuipa jela heshima. Señora hakujua. Wakijua wote, kuruka shimo ni ushujaa. Akijua mmoja, mwenzake anatumbukia.

Nikakumbuka pia kazi yangu. Tanzania tuna lugha zaidi ya mia moja na ishirini, na mara nyingi nimekaa na wazee ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili au ya tatu, nikiwa na kinasa sauti mkononi na muda mchache. Swali langu ni refu, jibu lao ni "ndiyo". Nimeandika "mzee amekiri", "mama amethibitisha". Ni wangapi waliosema ndiyo kwa sababu ndiyo ndilo neno lililokuwa karibu? Na nilipomwona mtu anasitasita nikaandika kwamba alikwepa swali. Yule asiye na maneno hana budi kuyatafuta, sawa. Lakini sisi tunaomiliki lugha ya mazungumzo tuna wajibu wa kuuliza mara ya pili, na kutafuta mtu wa kututafsiria, kabla ya kuita jibu ushahidi. Siku hizi ndivyo ninavyofanya, na mhariri wangu hapendi, kwani habari zinachelewa.

Señora, kwa upande wake, aliuliza zaidi ya mara ya pili. Hilo silisahau. Aliuliza kila Jumapili.

Usiku kabla ya kuondoka alinijia sebuleni na kofia bapa ya sufu, nyeusi, iliyokuwa ya marehemu mumewe. Akasema mzee mwalimu ataivaa asubuhi za baridi. Korogwe hakuna baridi ya kofia ile, na kwa sekunde chache nilifikiri nitoke kwa mlango huo: nimshukuru, niichukue, basi. Mkono wangu ulishaigusa.

"*Mi padre era maestro*," nikasema.

Hakuhitaji maelezo. Alikaa. Nikamweleza mengine vibaya vibaya, nikichanganya nyakati, sasa si kwa ujanja. Akauliza, "*¿Cómo se llamaba?*" Alikuwa akiitwa nani? Wiki sita za maombi, na hakuwa anajua jina. Nikamtajia. Akalirudia, akalikosea kidogo. Kisha akauliza, "Na zile Jumapili zote?" Hapo nilikuwa na Kihispania cha kutosha kabisa, na sikuwa na jibu.

Asubuhi kahawa ilikuwa mezani kama kawaida. Alinikumbatia mlangoni, akaniombea safari njema. Kofia ilikuwa imerudi kwenye msumari wake nyuma ya mlango, na habari za nyumbani hakuziuliza tena.

Tangu hapo nimelihesabu jambo hili mara nyingi. Wiki ya kwanza na ya pili najisamehe: nilikuwa na sentensi moja, nikaitumia. Kuanzia wiki ya tatu, kila *sí* ni yangu, hakuna sarufi ya kuibeba. Hiyo ndiyo hesabu yangu. Sijui Señora anahesabu kuanzia wapi.