Zama za Wazee na Wajibu wa Kujibishana Nao

Heshima kwa wazee, kwa maana inayokubaliwa na jamii nyingi za Afrika Mashariki, ni kumpa aliyetangulia kuzaliwa haki ya kusikilizwa kwanza na ya kutoaibishwa mbele ya watu. Na ubaguzi wa rangi ni kumpima mtu kwa kundi la asili ambamo wengine wamemweka kwa kutazama ngozi, nywele na nasaba yake. Maana hizo zinatosha kwa kazi iliyopo. Linalodai uchunguzi ni kile kinachotokea mambo hayo mawili yanapokutana sebuleni, pale babu au bibi anapoikataa posa ya mjukuu wake kwa kuwa mchumba ni wa rangi nyingine, na ukoo mzima ukakubaliana kwamba mzee asiulizwe sababu.

Mjadala huu umechochewa na posa moja iliyovunjika Dar es Salaam hivi karibuni, kati ya binti wa familia yenye asili ya Kigujarati na kijana wa Kinyakyusa, wote wawili watu wazima wanaojitegemea. Babu wa binti alitamka kwamba hatakanyaga kwenye harusi hiyo, na upande wa pili shangazi wa kijana alitamka maneno yasiyo na nafuu kuhusu Wahindi. Hata hivyo, kauli hizo mbili, pamoja na ukali wake, hazikutosha kuivunja posa. Iliyoivunja ni kauli ya wajomba, mama wadogo na marafiki wa familia, watu wa makamo waliosoma na kusafiri, waliorudia kwa upole kwamba wazee waachwe kwa sababu ndivyo walivyolelewa na hizo ndizo zama zao. Wachumba wakashauriwa wasubiri, na hakuna aliyethubutu kusema kinachosubiriwa ni nini.

Zipo hoja za haki upande wa wazee. Familia za Kiasia zinakumbuka mabinti wa asili ya Kiajemi waliolazimishwa kuolewa Zanzibar mwaka 1970, nyumba za kupanga zilizotaifishwa Tanzania Bara mwaka 1971, na amri ya Idi Amin ya mwaka 1972 iliyowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, kwa hiyo woga wao una historia. Familia za Kiafrika nazo zinakumbuka madharau ya dukani na ya jikoni, walikofanya kazi bila kukaribishwa mezani. Dini pia ina masharti yake, ambayo hayafanani na rangi.

Hoja ya zama ndiyo isiyovumilika, na inastahili kufuatwa hadi mizizi yake. Inadai kwamba mtu aliyelelewa katika mpangilio fulani wa jamii hawezi kudaiwa sababu za imani alizozipata humo. Ni kweli kwamba Tanganyika ya kikoloni ilikuwa na shule na hospitali za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na kwamba mtoto aliyekulia humo alifundishwa utengano kabla hajajua kusoma. Lakini zama hizohizo zilizaa watu wengine. Joseph Murumbi, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alizaliwa mwaka 1911 kwa baba Mgoa na mama Mmaasai, na Jomo Kenyatta alimwoa Mwingereza Edna Clarke mwaka 1942, vita vikiendelea. Ikiwa zama ndizo zinazoamua, basi watu hao hawaelezeki. Na ikiwa wanaelezeka kwa kuwa walichagua, basi waliokataa nao walichagua.

Tena, mzee anayetetewa kwa hoja hiyo ameishi maisha yaliyojaa mageuzi. Ameuona uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967 na kurejea kwa vyama vingi mwaka 1992. Amebadilisha biashara, amebadilisha msimamo wa siasa, na leo anatuma pesa kwa simu bila kusaidiwa na mjukuu. Hakuna anayesema kuhusu mambo hayo kwamba alishindwa kutoka katika zama zake. Uwajibikaji, yaani ile hali ya mtu kuweza kudaiwa sababu za alitendalo, unamfuata katika kila jambo isipokuwa hili moja, na kumwondolea hapa kwa jina la heshima ni kumshusha hadhi, maana asiyeulizwa lolote amekwisha kuhesabiwa kuwa hana la kujibu.

Liko jambo zito zaidi. Mara nyingi hoja ya zama humkinga yule anayeitamka kuliko inavyomkinga mzee. Mjomba wa miaka 50 anayesema kwamba yeye binafsi hana tatizo, ila mzee hatakubali, amepata njia ya kuikataa ndoa bila kuonekana mbaguzi, na mzee, ambaye pengine angeulizwa angesita, amebebeshwa ubaguzi wa kizazi kizima kilichomfuata.

Kwamba wazee husita wakiulizwa, ushahidi wake bora unapatikana Serowe, katika nchi ambayo leo ni Botswana, na kisa chake kinastahili kukumbukwa kila ndoa ya namna hii inapojadiliwa. Seretse Khama, mrithi wa uchifu wa Bamangwato, alimwoa Mwingereza Ruth Williams jijini London mwaka 1948 bila idhini ya ami yake, Tshekedi, aliyemlea na kushika utawala kwa niaba yake. Suala lilipelekwa kwenye kgotla, baraza la hadhara ambamo watu husema mbele ya chifu. Katika kikao cha Novemba 1948 wengi waliipinga ndoa. Katika kikao cha Juni 1949, baada ya miezi ya kubishana waziwazi, maelfu walisimama kumkubali Seretse pamoja na mkewe. Baadhi yao, ni kweli, walisukumwa na shaka kwamba Tshekedi aliutaka uchifu. Serikali ya Uingereza, iliyoichelea Afrika Kusini, nchi iliyopiga marufuku ndoa za mchanganyiko mwaka huohuo wa 1949, ndiyo iliyokataa kusikia na kumweka Seretse uhamishoni hadi mwaka 1956. Tshekedi mwenyewe, mpinzani mkuu, alipatana na mwana wa kaka yake kabla ya kufariki mwaka 1959.

Hata hivyo sebule si kgotla. Baraza lile lilikuwa na desturi ya kusema na kusikiliza, nalo liliishia kwenye uamuzi. Sebuleni mzee anaweza kuulizwa kwa adabu zote, akatoa sababu zake zote, akajibiwa, na bado akakataa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inadai hiari ya wanaooana, na kwa watu wazima haimuulizi babu, lakini haiwezi kumleta harusini wala kumfanya awapokee watoto watakaozaliwa. Kama mzee aliyekwisha kusikilizwa na kujibiwa bado anastahili kusubiriwa, na kwa muda gani, ni swali ambalo hoja zilizotolewa hapa hazilifikii; na wachumba wawili wa Dar es Salaam, ambao hakuna aliyewahi kuwaitia kikao, hawakupewa hata nafasi ya kulifikia.