Elimu ya Msitu ni Amana ya Nani?

Mtungi wa lita 20 unaojazwa mferejini Kayole, Nairobi, mara nyingi hubeba maji yaliyoanzia misitu ya Aberdare, yakapitia bwawa la Ndakaini. Kwa kuwa maji hayo ya wote hutegemea misitu, utafiti wa KEFRI, taasisi ya umma ya utafiti wa misitu Kenya iliyoundwa 1986, si mali ya aliyeufanya; ni amana, na amana hurudishwa kwa wenyewe. Sheria ya misitu ya 2005 iliwapa wanakijiji nafasi ya kushiriki usimamizi kupitia vyama vyao; lakini watasimamiaje wasichokifahamu? Wapo wanaohofu kwamba mwananchi ataipotosha sayansi. Hofu hiyo naielewa, lakini ripoti iliyofungiwa kabatini haikingi hata mche mmoja. Tena mfugaji anayejua kijito kipi hukauka kwanza naye ana elimu, na mtafiti anapaswa kumuuliza kabla hajaandika.